Nicanor Callisaya na Mwaka wa Kulinda Viazi

Nicanor Callisaya alikaa jeshi la majini miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote alikuwa nyumbani kwake siku ishirini kwa mwaka. Hakunywa mshahara wake. Hakuweka mwanamke kule mtoni alikopangiwa kazi, na wenzake walimcheka kwa hilo. Kila likizo ilipokaribia kwisha aliwapanga watoto wake watatu ukutani, akapima nyayo zao kwa uzi, akafunga fundo, akatia uzi mfukoni. Mwaka uliofuata alirudi na viatu. Vilikuwa vinabana siku zote, maana mguu wa mtoto haumsubiri mtu. Mkewe Eusebia aliwaambia watoto wavae hivyo hivyo siku moja, wakaze meno, baba yao aone. Akishaondoka, viatu vinakwenda kwa jirani.

Hilo Nicanor hakulijua mpaka alipozeeka. Alidhani watoto wake walitembea na viatu vyake.

Kijijini kwao Sullkauyo, ng'ambo ya mlango wa ziwa pale Tiquina, walimwita Admirali wa Matope. Nchi yao ilinyang'anywa bahari yake vitani zamani za mababu, jeshi likabaki na ziwa na mito. Nicanor aliangukia mito, kule chini kwenye joto na homa, yeye mtu wa milimani aliyezoea sakitu na baridi ya kugandisha. Alishika homa mara sita. Alipata nishani moja. Aliipata kwa sababu mafuriko yalipokuja, wenzake wote walikimbilia mlimani, na yeye akabaki siku tatu juu ya tishari la mafuta, bila chakula, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Kisa hicho alikisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Melitón Quenta, katibu wa kijiji, alimsikiliza hadi mwisho kila mara, kisha akamuuliza swali lile lile: je, mafuta yalimshukuru?

Nicanor hakuona mzaha hapo. Alijibu kwamba mafuta hayana shukrani, ila zamu ni zamu.

Alipostaafu akarudi kwa Eusebia. Watoto walikuwa wamekwisha ondoka. Rufino na Edgar walikuwa wanashona nguo São Paulo, kwenye vyumba visivyo na madirisha. Binti, Nieves, alikuwa mjini El Alto na mume dereva na mtoto mmoja. Kilichobaki kilikuwa nyumba ya matofali ya udongo na shamba, ukanda mwembamba unaoshuka toka mlimani hadi kwenye matete ya ziwa. Eusebia alikuwa amelilima peke yake miaka thelathini na mmoja. Wawili kati ya watoto wake aliwazalia humo humo shambani, jembe likiwa pembeni.

Nicanor alilipenda shamba lile kuliko alivyoweza kusema. Alisema lilikuwa la watoto, wapate pa kurudi. Kila jioni alilizunguka akiokota mawe, akiwaza Rufino atajenga hapa, Edgar pale, Nieves karibu na njia kwa kuwa ni mwanamke. Hakuwahi kuwauliza.

Ila pale Sullkauyo shamba halishikwi kwa karatasi. Linashikwa kwa utumishi. Kila mwenye ardhi anapanda ngazi za vyeo vya kijiji moja baada ya nyingine, na asiyepanda, ardhi yake inarudi kijijini wapewe vijana waliooa. Vyeo vidogo kaka yake Eusebia alimshikia miaka ile ya jeshi. Kikabaki kile kikubwa, cha Baba wa Kijiji, na hicho hakishikiwi na mtu. Melitón alikuja mwezi wa kumi na moja, akakaa uani, akakubali kikombe cha chai, akasema zamu yao imefika. Mwaka mmoja, Januari hadi Januari. Ama hivyo, ama shamba.

Na cheo hicho hakishikwi na mtu mmoja. Ni mume na mke. Baba wa Kijiji na Mama wa Kijiji, wanatembea pamoja, wanakaa pamoja mkutanoni, mmoja hana kauli bila mwenzake.

Januari mosi wakavikwa. Yeye poncho jekundu, joho la sufu la kujitupia mabegani, mjeledi begani, fimbo yenye pete za fedha. Eusebia sketi pana ya kijani, kofia ya duara, mtandio mgongoni wenye majani ya koka ya kuwagawia watu watafune. Wanawake walimzunguka wakimshika mikono, wengine walilia. Huyu walimjua. Nicanor walikuwa wanamtazama tu.

Sheria moja ya cheo inapita zote. Tangu viazi vinapochipua hadi Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, Baba na Mama hawalali nje ya mipaka ya kijiji hata siku moja. Mazao yote ya kijiji ni watoto wao. Wakilala nje, mvua ya mawe itaona nyumba haina wazazi, itashuka, itapiga kila kitu. Mwaka mvua ya mawe ikishuka na wao wakawa nje, hakuna cha kujitetea. Shamba linakwenda.

Nicanor alipoisikia sheria hiyo alifurahi kama mtu aliyesikia lugha yake. Akatafuta daftari. Akagawa mchana na usiku kwa saa nne nne, zamu yake, zamu ya Eusebia. Mwenye zamu apande mlimani na fataki, akiona wingu jeupe lenye tumbo jeusi linakuja toka upande wa milima ya theluji, arushe ili mshindo ulitawanye. Hakuna Baba wa Kijiji aliyewahi kufanya hivyo. Wengine walitazama mawingu kupitia mlangoni, wakiwa na kijiko mkononi. Watu walipomwona Eusebia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, anapanda mlima alfajiri kwenye manyunyu na fataki kwapani, walimpa pole na kumcheka palepale.

"Dada, huo mlima au manowari?"

"Muulizeni kapteni," Eusebia alijibu, akaendelea kupanda.

Wiki ya pili alimwambia mumewe jambo ambalo kila mwanamke wa kijiji alilijua. Sheria ipo, lakini ina mlango wa uani. Mtu akishikwa na jambo la mjini, anatandika poncho lake na kofia kitandani, anavuta blanketi mpaka kifuani, anaweka majani ya koka kwenye mto, anakwenda zake. Anayeuliza anaambiwa Baba amelala. Anarudi kesho au keshokutwa. Hata Melitón mwaka wake alikwenda kung'oa meno, akalala huko siku tatu, na viazi havikudhurika.

Nicanor alimtazama kama aliyemwambia aibe.

"Huo ni utoro, mama Rufino. Sisi si watoro."

Eusebia akachukua fataki zake, akaenda zamu.

Siku kumi na mbili kabla ya Jumanne ya Kanivali, Eusebia alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Alishuka toka zamu yake ameinama. Akatapika kijani. Nicanor alimchemshia majani, akamfunika, akaenda kushika zamu yake na ile ya mkewe pia. Siku ya tatu aliinuka, akapanda mlima mara moja, akateremshwa amebebwa. Siku ya tano weupe wa macho ulikuwa njano.

Domitila, mke wa Melitón, alikuja na supu ya samaki, akamwona, akatoka uani kumtafuta Nicanor. Alimuuliza anasubiri nini. Ampakie kwenye pantoni leo leo, mjini ni mwendo wa saa tatu tu. Poncho kitandani, sketi kitandani, nani atawauliza?

Hapa ndipo Nicanor alipokosea, na mtu yeyote aliyekulia Sullkauyo asingekosea hivyo. Alikwenda kuomba ruhusa.

Alipiga baragumu, akauita mkutano. Akasimama katikati amenyooka, kofia kwapani kama mbele ya kamanda, akaeleza: mke wangu mgonjwa, naomba ruhusa ya kutoka mipakani kwa siku tatu, niandikiwe kitabuni. Watu wakainamisha vichwa. Kilichokuwa kinafanyika kwa kutoulizwa, sasa kimeulizwa, mbele ya wote, na wote walikuwa na viazi shambani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema nenda. Mzee mmoja alisonya. Mwingine akasema mbona anawaweka kwenye mtego. Mwishowe wakamgeukia katibu, na Melitón, aliyelala siku tatu mjini kwa ajili ya meno, akafungua kitabu kwa sababu alitakiwa akifungue.

"Sheria ni sheria, ndugu. Ukienda, umekwenda. Mvua ikianguka, sisi hatumo."

Nicanor akashukuru. Ndivyo walivyosimulia wote waliokuwepo, na walisimulia kwa chuki. Alishukuru, akavaa kofia, akarudi nyumbani.

Domitila alimtukana mumewe siku hiyo hadi sauti ikakauka. Melitón alijitetea kwamba yeye angefanya nini. Mtu anakuja kukuuliza waziwazi kama anaweza kuiba ng'ombe wako, unamjibu nini? Si angekwenda tu, mpumbavu yule.

Ijumaa Nieves alipiga simu. Mtandao ulishika karibu na mlango tu, kwa hiyo Nicanor aliongea amesimama kizingitini, na Eusebia aliyasikia yote toka kitandani. Nieves aliuliza mama yuko wapi.

"Amekwenda kwa kondoo," Nicanor alisema.

Aliuliza hajambo.

"Hajambo. Anakusalimu."

Alipokata simu, Eusebia alimuuliza kwa nini. Nicanor akasema kweli yake: angejua, angekuja kukuchukua. Eusebia alitazama dari. Alikuwa amekonda usoni, pua imechongoka. Kisha akamwomba. Aliomba mara hiyo moja tu, na hakuomba kwa kulia.

"Nicanor, nipeleke."

"Jumatano," alisema. "Jumanne tunamaliza. Jumatano pantoni ya kwanza. Nimeshasema na dereva."

"Jumatano," alisema Eusebia, na akageukia ukutani.

Ilikuwa kweli, alikuwa ameshasema na dereva. Alikuwa amefua blanketi la safari. Alikuwa ametengeneza machela kwa makasia mawili na gunia, kwa ustadi, kama walivyomfundisha jeshini, ili asiumie akibebwa kuteremka gatini. Machela ilisimama imeegemezwa mlangoni siku nne.

Jumapili mchana lile wingu likaja. Lilikuwa jeupe juu, jeusi tumboni, linatembea chini chini juu ya ziwa moja kwa moja kuelekea Sullkauyo. Nicanor alimfunika mkewe, akamwambia anarudi sasa hivi, akabeba fataki zote, akapanda. Alirusha moja baada ya nyingine. Alipiga kelele mpaka akatema damu kidogo. Chini kijijini baragumu likaanza kulia, likalia kwa muda mrefu, na yeye alidhani wanamtia moyo, akawajibu kwa fataki. Alipigana na wingu lile kwa muda wa kama saa nne. Kisha, kila mtu aliona, likagawanyika mara mbili juu ya kijiji, nusu likaenda kusini, nusu likavuka ng'ambo, likateremsha mawe yake juu ya mashamba ya watu wengine.

Alishuka mbio. Miaka sitini na mbili, alishuka akikimbia kama kijana, anacheka peke yake, ili amwambie.

Domitila alikuwa amekaa mlangoni, kwenye ile machela. Hakuinuka.

"Alikuita," alisema. "Tukakuita kwa baragumu. Ukatujibu kwa fataki."

Eusebia walimzika Jumanne, siku ya Kanivali, kwa kuwa maiti haingojei. Jeneza lilipita kati ya watu wenye unga mweupe nywelini na tepe za karatasi shingoni, walioacha kucheza hadi lipite. Wengine walilisindikiza jinsi walivyokuwa. Ngoma zilisubiri nyuma ya ukuta wa makaburi.

Viazi vya mwaka ule vilikuwa vikubwa kuliko vya miaka mingi. Watu walichimba wakashangaa. Vijiji jirani vilikuwa vimepigwa, majani yamechanika kama yaliyopita mkasi, na Sullkauyo peke yake ilikuwa nzima. Walikuja mlangoni kwa Nicanor mmoja mmoja na kikapu cha kwanza, kama shukrani. Walivua kofia. Melitón naye alileta gunia.

"Mama Eusebia ametulipia," alisema.

Alimaanisha heshima. Nicanor alipokea gunia, akalipanga pamoja na mengine.

Ila jozi ilikuwa imevunjika, na mwaka ulikuwa na miezi kumi mbele yake. Baba wa Kijiji bila Mama wa Kijiji si kitu. Ama apatikane mwanamke wa damu yake wa kusimama pale, ama cheo kinakwisha hapo na shamba linarudi. Desturi inakubali dada, au binti. Dada hakuwa naye.

Nieves alikuwa amefika Jumatatu, hajala, hajafunga nywele. Domitila alimwambia kila kitu kabla hajavuka kizingiti, pamoja na habari ya kondoo. Alimwosha mama yake mwenyewe, hakutaka msaada. Baada ya maziko, baba yake alimfuata ukutani, akamweleza habari ya jozi, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alisema shamba hili ni lenu. Alisema mama yako hakufa bure, tukimaliza.

Nieves alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitasimama," alisema. "Lakini sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kummalizia mama mwaka wake."

Akampeleka mtoto kwa mama mkwe, akarudi na mfuko mmoja, akavaa sketi ya kijani.

Mbele ya watu alitimiza yote. Alikaa pembeni mwa baba yake mkutanoni, akamwita Baba wa Kijiji, akagawa koka, akaamua ugomvi wa kondoo na wa mipaka kwa akili kuliko yeye, watu wakamsifu. Wakishaingia ndani na mlango ukafungwa, hakusema naye. Alilala kitanda cha mama yake. Nicanor alilala kwenye ngozi za kondoo karibu na jiko. Na kila mchana, tangu Machi hadi Desemba, Nieves alimwekea mbele sahani ya viazi vya mavuno yale. Havikuwa na jibini, wala pilipili, wala samaki. Siku ya kwanza Nicanor alisukuma sahani kando.

"Kula," Nieves alisema. "Ndivyo ulivyovilinda."

Akala. Baada ya hapo hakuambiwa tena, alikula tu. Nieves alisimama mlangoni akimtazama hadi sahani inapokwisha, kisha anaichukua.

Nicanor hakulalamika kwa mtu. Alihesabu miezi. Ulipofika wa kumi wakapanda, wa kumi na moja mbegu zikachipua, na ile sheria ya kutolala nje ikashika tena. Usiku hakulala vizuri, alisikiliza kama kitanda cha pili kina mtu. Binti yake aliweza kuondoka saa yoyote, na wote wawili walilijua hilo.

Desemba ishirini na tisa, asubuhi, simu ya Nieves ililia. Mama mkwe alisema mtoto ana homa tangu jana, hashiki chakula, anamwita. Nieves alianza kufunga viatu. Nicanor alikuwa amesikia. Alijizuia, kisha hakuweza.

"Siku tatu tu, mwanangu. Siku tatu tumalize."

Nieves aliinua uso. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Kaniombee ruhusa mkutanoni," alisema.

Akaiacha ile sketi ya kijani kwenye msumari, akatoka. Nicanor alimfuata hadi kwenye mawe ya mpaka. Hapo alisimama. Pantoni ilikuwa bado gatini, basi linapanda, binti yake amekaa kwenye mfuko wake na mgongo kwake. Alikuwa na muda wa kushuka na kwenda naye kumwona mjukuu. Alisimama pale mpaka pantoni ikawa ndogo.

Kisha alirudi nyumbani haraka haraka, akafunga mlango. Hakwenda mkutanoni. Hakupiga baragumu. Alitoa sketi kwenye msumari, akaitandaza juu ya kitanda cha Eusebia. Akaweka mtandio. Akaweka kofia ya duara kwenye mto, ameiinamisha kidogo ili isionekane tupu. Akavuta blanketi, akainyoosha mikunjo kwa viganja. Akaweka majani matatu ya koka. Kazi nzima haikuchukua muda wa kuchemsha maji.

Mchana Melitón alikuja kupanga karamu ya makabidhiano. Aliuliza Mama wa Kijiji yuko wapi.

"Amelala," alisema Nicanor.

Melitón alichungulia ndani. Akatazama kitanda, akavua kofia.

"Lala salama, Mama," alisema, na alipotoka nje akampiga Nicanor bega. "Umechelewa kujifunza, Admirali. Ila umejifunza."

Akaenda zake anapiga mluzi. Njiani alikutana na wawili watatu, wakasimama, wakatazama nyumba ile, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyeuliza tena. Anga lilikuwa safi. Siku zote tatu lilikuwa safi.

Nicanor alikaa kwenye ngozi zake akitazama blanketi lililoinuka kidogo pale penye sketi. Alikula viazi vyake mwenyewe, akajichemshia mwenyewe. Hakuna aliyemsimamia, na alivimaliza.

Januari mosi Nieves alirudi na pantoni ya kwanza, mtoto mgongoni, homa imeshuka. Alisukuma mlango, akaona kitanda. Nicanor alikuwa amekwisha vaa poncho, anafunga mjeledi. Hakuwa amekumbuka kuziondoa nguo kitandani kabla binti hajafika. Au hakuwa na ujasiri wa kuzigusa tena.

Nieves alimweka mtoto chini. Aliisogelea ile sketi, akainua kofia toka kwenye mto, akaitazama ndani.

"Ilikuwa kazi kubwa?" aliuliza.

Nicanor alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kusema kweli, isipokuwa ile mara moja kwenye simu, na ile ya juzi kwa Melitón.

"Haikuwa kazi," alisema.

"Kwa mama haikuwezekana."

"Kwa mama..." alisema Nicanor.

"Kwa shamba imewezekana."

Nieves akakung'uta sketi dirishani, akaivaa, akafunga mtandio, akavaa kofia. Wakatoka pamoja, bega kwa bega kama inavyotakiwa, na kijiji kizima kilikuwa uwanjani kinawasubiri na mashada ya mikate na matunda. Waliwavika shingoni. Waliwasifu. Walisema huo ulikuwa mwaka wa jozi mbili, na viazi havijawahi kuwa vile. Fimbo ikapita mikono mingine. Melitón akafungua kitabu, akauliza kwa sauti, kama desturi, shamba liandikwe kwa majina gani.

Nicanor alianza kuyataja. Rufino. Edgar. Nieves.

"Ngoja, katibu," alisema Nieves. Mama wa Kijiji anaposema mkutanoni, Baba hunyamaza, ndiyo desturi pia. "Andika jina lake peke yake. Nimesema na kaka zangu jana. Sisi watoto hatutaki kitu kilichonunuliwa hivyo."

Melitón aliuliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu, polepole, ampe nafasi. Nieves alirudia maneno yale yale.

"Mwanangu," alisema Nicanor.

Nieves alikuwa anavua mtandio. Alimkabidhi mwanamke aliyekuwa anaingia kwenye cheo, akamwonyesha namna ya kuufunga ili koka isimwagike, akamtakia heri. Alimchukua mtoto wake toka kwa Domitila. Chakula kilikuwa kimepakuliwa, hakukaa. Shada la mikate alilitundika kwenye ukuta wa shule, akateremka gatini.

Nicanor aliishi miaka minne baada ya hapo. Alilima shamba peke yake, mwanzo lote, kisha nusu, kisha kipande cha karibu na njia. Wana wake walipiga simu Krismasi, waliongea naye vizuri, waliuliza baridi. Nieves hakupiga. Viazi alivyovuna alivipeleka gatini kwa gunia, akaomba madereva wavifikishe El Alto, na madereva walivifikisha. Walisema yule dada anavipokea, anashukuru, anavigawa kwa majirani mbele yao.

Mawingu yalipokuja bado alipanda mlimani, ingawa zamu haikuwa yake tena. Baba wa Kijiji wa mwaka ule alimwomba aache, fataki zinawashtua kondoo.

Alikufa Juni, mwezi wa sakitu, ndani ya ngozi zake karibu na jiko. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kambi ya jeshi ya San Pedro ilileta bendera, tarumbeta, na msalaba uliopakwa rangi nyeupe, umeandikwa jina na chini yake: Baharia Mstaafu, Baba Aliyeipenda Familia Yake. Nieves alikuja, akamwosha, akamvalisha sare. Sajini aliyeleta msalaba alimwendea kwa adabu, akamuuliza kama maneno yako sawa au wabadilishe kitu, rangi haijakauka.

Nieves alisoma mpaka mwisho.

"Acha hivyo," alisema. "Ni kweli."

Agosti, kabla ya kupanda, kijiji kilijiandaa kulichukua shamba ili wapewe vijana waliooa. Melitón alitaka mambo yaende kwa heshima. Alipiga simu São Paulo, akasubiri, akasikia cherehani nyingi, kisha sauti ya Rufino. Alimweleza kwamba ni sheria kuwauliza warithi kwanza, kama wanalitaka shamba.

Rufino aliuliza shamba lipi.